Matairi ya pikapu ya kuvuta trela: soma ubavu kabla ya kulipa

Juzi usiku mpwa wangu wa Mtwapa alinipigia simu. Amenunua Land Cruiser pikapu, si mpya, na anataka kuingia kazi yangu hii ya kuvuta maboti baina ya Kilifi, Mombasa na Shimoni. Matairi aliyoyakuta kwenye gari ni vipara vitupu. Duka moja limemwonyesha matairi mapana, yana maandishi meupe ubavuni, na akichukua manne pamoja na ringi za aloi atapunguziwa. "Mjomba, yataingia?" akaniuliza.

Nikamwambia yataingia. Hata yangu yaliingia.

Swali hilo ndilo tunalouliza sote huku kwetu, na ndilo dogo kuliko yote. Tairi kuingia ni mambo ya kimo na upana. Kubeba gari, na mzigo, na kilo za trela zinazolalia nyuma ni hesabu nyingine, na hesabu hiyo imeandikwa kwenye tairi lenyewe, ila wengi wetu hatujawahi kuinama tukaisoma. Mimi sikuinama mpaka siku niliyolazimika.

Ilikuwa mwaka juzi, Februari, saa nane mchana. Nilikuwa nashuka barabara ya Likoni kwenda Lunga Lunga, navuta boti la faiba la wavuvi watano wa Shimoni lililokuwa limetoka kutengenezwa. Tumeshapita Msambweni, hatujafika Ramisi. Mwendo wangu ulikuwa kilomita 80 hivi kwa saa, barabara nzuri, hakuna shimo. Nikasikia mlio kama wa bunduki, na mkia wa gari ukahama kushoto. Tairi la nyuma limepasuka. Nikaongeza kosa juu ya kosa: nikakanyaga breki. Trela likanisukuma, likaanza kucheza mkia, mwisho likaingia mtaroni na boti likateleza kutoka vitanda vyake, mkuku ukapiga ukingo wa mtaro.

Tuliposimama, palikuwa na hatua kama kumi baina ya ubavu wa trela na meza ya mama aliyekuwa akiuza madafu. Chini ya meza palikuwa na mtoto anacheza kivulini. Hakuguswa na kitu, alhamdulillahi. Mamake hakunitukana. Alinitazama tu. Mpaka leo nikipita pale hupunguza mwendo, ingawa meza yenyewe haiko tena.

Boti nililipa mimi. Nyumba tano zilikaa wiki saba bila chombo, na ziliponipigia simu kuuliza "limefika wapi?" sikuwa na la kusema ila kwamba faiba haijakauka.

Watu walisema mengi. Kuna waliosema ni jicho, kuna waliosema tairi bovu la kiwandani. Fundi wangu wa pancha hakusema kitu. Alilivua lile tairi lililopasuka, kisha akalivua na la upande wa pili ambalo lilikuwa zima, akaingiza mkono ndani na kunionyesha kiganja: unga mweusi, kama masizi ya chungu. "Huu ni mpira unaojisaga," akaniambia. "Tairi limebeba zaidi ya nguvu zake, na upepo ni mdogo. Ubavu unajikunja na kukunjuka kila mzunguko, unapata moto, unajipika wenyewe. Hili nalo lilikuwa njiani kumfuata mwenzake."

Hapo ndipo nilipoanza kusoma.

Tairi nililokuwa nimelitoa, lile jembamba la tyubu ambalo wengi wenye Land Cruiser za kazi wanalijua, lilikuwa 7.50R16, na ubavuni limeandikwa 116/114N. Mapya niliyonunua kwa uzuri wake yalikuwa 265/70R16, 112T. Ile nambari ya mwisho kabla ya herufi ndiyo nambari ya uzito. Yenyewe si kilo, ni nambari ya jedwali linalotumika dunia nzima: 108 ni kilo 1,000 kwa kila tairi, 110 ni 1,060, 112 ni 1,120, 116 ni 1,250, na 120 ni 1,400. Ukiona nambari mbili zimetengwa kwa mkwaju, kama 116/114, ya kwanza ni ya tairi linalokaa peke yake na ya pili ni ya matairi yanayokaa mawili mawili kama ya lori. Sisi wa pikapu tunasoma ya kwanza. Herufi ni ya mwendo: L ni mwisho kilomita 120 kwa saa, N ni 140, Q ni 160, T ni 190.

Kwa hiyo nilitoa tairi la kilo 1,250 nikatia la kilo 1,120. Nilipoteza kilo 130 kila gurudumu, yaani 260 kwenye ekseli ya nyuma, na nikalipa pesa zaidi kwa hasara hiyo. Pana si nguvu. Hilo ndilo ningependa kila mtu mwenye pikapu alielewe, maana macho yetu yanatudanganya: tairi nene tunaona ni pahalawani, jembamba tunaona ni la baiskeli.

Sasa mzigo. Baada ya ajali nililifungia trela boti jingine la aina ile ile, nikapakia kama ninavyopakia siku zote, nikaenda kwenye mizani inayopima malori ya kokoto. Mwenye mizani alinicheka lakini akanikubalia. Ukitaka kujua uzito wa ekseli ya nyuma, unapandisha magurudumu ya nyuma peke yake, ya mbele yanabaki chini, na trela linabaki nje ya mizani likiwa limefungwa vile vile. Yangu ilisoma kilo 2,140. Gawa kwa mbili: kila tairi 1,070.

Utasema, basi 112 linatosha, 1,120 si zaidi ya 1,070? Kwa karatasi, ndiyo, kwa kilo 50 tu. Lakini zile 1,120 zinapatikana tairi likiwa na upepo wake wote kamili, nami nilikuwa nimeyatia 30 kwa kipimo cha psi, kwa sababu muuzaji alisema yakijazwa sana gari litarusha. Upepo ndio unaobeba mzigo, mpira ni mfuko tu. Ukipunguza upepo umepunguza kilo, hata kama nambari ubavuni haikubadilika. Pia kilo 2,140 hazigawanyiki sawa sawa: pipa la petroli lilikuwa kushoto, na barabara ina mteremko wa kumwaga maji, kushoto tena. Na tairi lililopasuka lilikuwa la kushoto.

Kuna jambo la tatu ambalo wauzaji wengi hawalisemi. Matairi ya aina ile yametengenezwa kwa magari ya abiria na haya ya kifahari ya kupanda juu, si kwa kazi. Marekani, ambako watu wanavuta maboti kila wikendi, kanuni zao zinasema tairi la gari dogo likitiwa kwenye pikapu uzito wake ugawanywe kwa 1.10. Fanya hivyo kwa 1,120 na unapata kilo 1,018. Mimi nilikuwa na 1,070. Basi hata kwa hesabu ya karatasi nilikuwa nimepita.

Wengi hawaelewi hizo kilo za nyuma zinatoka wapi, kwa sababu trela lina magurudumu yake. Kweli, lakini si uzito wote unaokaa kwenye magurudumu hayo. Sehemu inalalia ule mpira wa chuma wa kufungia trela, na inatakiwa ilalie, kama moja ya kumi ya uzito wa trela na boti. Ikiwa chini sana ya hapo, mkia wa trela ni mzito na litacheza barabarani hata tairi likiwa zima. Trela langu na boti ni kama kilo 1,800, kwa hiyo 180 zinalala nyuma ya gari. Lakini mpira ule uko nyuma ya ekseli, zaidi ya mita moja. Ni kama ubao wa pembea: ukikaa nchani, unabonyeza kwako na kunyanyua upande wa pili. Zile 180 zinanyanyua kidogo pua ya gari na uzito ulionyanyuliwa mbele unahamia nyuma. Kwa gari kama langu ekseli ya nyuma inahisi karibu 250. Juu yake ongeza pipa la petroli la lita 200, ambalo ni kilo 150 hivi, masanduku ya barafu, mashine ya boti, na vijana wanne wamekaa juu ya nyavu. Hapo ndipo 2,140 zilipotoka, na mimi nilikuwa najiona nimebeba "vitu vidogo vidogo tu."

Basi unapokwenda dukani, usianze na jina wala bei. Anza na kilo zako, gawa kwa mbili, kisha ongeza nafasi ya kupumua. Mimi sasa sikubali tairi la nyuma ambalo halizidi hesabu yangu kwa kilo 150 angalau. Wala usikubali nambari iliyo chini ya ile ya tairi lililotoka na gari; ukifungua mlango wa dereva mara nyingi utaona kibandiko chenye saizi na presha. Kibandiko hicho kinajua gari lako kuliko muuzaji.

Tafuta herufi za kazi. Tairi la kazi huandikwa LT, au huwa na C mwisho wa saizi, kama 205R16C ambalo pikapu nyingi ndogo hutumia, au 195R15C la matatu. Halafu plai: 6, 8, 10. Zamani plai ilikuwa ni idadi ya nyuzi kweli kweli. Siku hizi ni kipimo cha nguvu, tairi la plai 8 huenda lina nyuzi chache za ndani lakini imara. Yaliyotoka Marekani yanatumia herufi badala ya nambari: C ni plai 6, D ni 8, E ni 10. Angalia usichanganye: ile C inayokaa mwisho wa saizi si hii.

Kwa Land Cruiser za kazi kuna chaguo mbili ninazoziamini. Ya kwanza ni kubaki na 7.50R16 kwenye ringi zake nyembamba. Ya pili ni 235/85R16 la plai 10, lenye nambari 120, ambalo kimo chake ni karibu sawa na 7.50, milimita 806 hivi. Lakini hilo linataka ringi ya inchi 6 au zaidi. Ringi nyingi za zamani za gari hili ni inchi 5.5, na hapo usililazimishe. Tairi likibanwa kwenye ringi nyembamba linavimba katikati na mabega hayagusi lami vizuri. Lile la 265/70 ni fupi kwa sentimita tatu hivi, na linataka ringi ya inchi 7 kwenda juu, ndiyo maana niliuziwa na ringi mpya. Ringi nazo zina kilo zake. Uliza, na kama haikuandikwa, rudisha.

Tahadhari moja ya soko letu. Kuna 7.50R16 na kuna 7.50-16. Ukitazama haraka utasema ni kitu kimoja. Yenye R ni redio, nyuzi zake zinakwenda moja kwa moja kutoka ubavu hadi ubavu, na chini ya meno kuna mkanda wa chuma. Yenye kistari nyuzi zake zimepishana mshazari. Hiyo ya mshazari ina ubavu mgumu na ni rahisi, inafaa shambani na machimboni, lakini kwenye lami ndefu na jua letu inapata moto zaidi. Na kosa kubwa ni kuweka moja ya aina hii na moja ya aina ile kwenye ekseli moja. Gari litakuvuta kama punda mkaidi.

Meno sitakaa nayo sana, ingawa ndiyo watu wanayoyapenda. Kazi yetu ni lami kwa asilimia kubwa, halafu mita mia moja za mchanga au ukingo wa kushushia boti. Meno ya kati, yanayofaa lami na vumbi, yanatosha. Yale makubwa ya matope yanapiga kelele, yanapata moto, na kwenye lami yenye mvua hayashiki breki vizuri. Wala hayakusaidii pale kwenye sakafu ya zege yenye ukijani wa mwani. Pale hakuna tairi linaloshika, pale panatakwa ufagio na mchanga. Ufukweni kinachosaidia ni kupunguza upepo, na ukipunguza lazima uwe na kompresa ya kujaza tena kabla ya kurudi barabarani. Nimeona watu wanashusha hadi 18, wanatoa boti majini vizuri, kisha wanaondoka nalo hivyo hivyo mpaka Ukunda "nitajaza petroli stesheni." Ule unga mweusi unaanzia hapo.

Upepo pimeni asubuhi, tairi likiwa baridi. Mchana tairi likishapata moto geji itasoma juu zaidi, na kuna wanaotoa upepo kwa kuogopa. Usitoe, kesho asubuhi utakuwa chini ya kiwango.

Umri. Tafuta neno DOT ubavuni, fuata mpaka mwisho, kuna nambari nne. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Wakati mwingine ziko upande wa ndani tu, chukua tochi. Mpira unazeeka hata ukiwa haujagusa lami, na jua na chumvi ya huku havimpendi mtu. Watengenezaji wakubwa wanashauri tairi likifika miaka mitano likaguliwe kila mwaka, na likifika kumi litolewe hata kama meno yapo. Kwa kuvuta trela mimi najiwekea sita. Duka likikuuzia "jipya" la miaka minne, wewe umenunua nusu ya tairi. Na mtumba wa nje una meno mazuri sana, ndiyo, lakini uliza kwa nini mwenyewe alilitupa. Yale yaliyochongwa meno upya kwa kisu cha moto kando ya barabara usiyasogelee kabisa: mchongaji amekula mpira uliokuwa unafunika nyuzi.

Kuhusu tyubu: zile ringi za zamani zenye pete ya chuma inayotolewa zinataka adabu. Chumvi inaziotesha kutu kwa ndani, kutu inakwaruza tyubu, na pete isipokaa vizuri inaweza kuruka wakati wa kujaza upepo, na ikiruka inaua. Fundi anayejua huweka gurudumu ndani ya kizimba cha chuma, au kwa uchache hulipindua pete ikielekea chini na kulifunga mnyororo, naye hasimami mbele yake. Ukimwona anajaza huku amelikalia, chukua gari lako uende.

Pesa zisipotosha kununua yote, nunua mawili na uyaweke nyuma. Najua watu wanapenda mapya yakae mbele kwa ajili ya usukani, lakini tairi la mbele likipungua mshiko unalihisi mikononi. La nyuma unalihisi likishakutoka, na nyuma yako kuna tani karibu mbili. Spea iwe saizi ile ile na nambari ile ile. Na matairi ya trela yenyewe msiyasahau: tumezoea kuyatia yale yaliyochoka kwenye gari, kisha trela linakaa miezi miwili juani nyuma ya nyumba. Hayo yanakufa kwa nyufa kabla ya kuisha meno.

Na likipasuka hata baada ya yote haya, usifanye kama mimi. Shika usukani kwa mikono miwili, toa mguu kwenye mafuta polepole, liache gari lipungue lenyewe likiwa limenyooka, breki baadaye kabisa.

Mpwa wangu ameamua kubaki na ringi zake. Tulikwenda pamoja Mombasa kuchagua, akainama na tochi ya simu kusoma tairi moja moja, muuzaji akakasirika kidogo kisha akazoea. Matatu kati ya sita tuliyoonyeshwa tuliyarudisha kwa sababu ya tarehe. Yeye sasa ana manne ya 7.50R16 yenye nambari 116, na spea ya tano. Kilichobaki ni nati: ringi ikishafunguliwa na kufungwa, nati hulegea kidogo zikikaa. Nimemwambia akishatembea kilomita 50 asimame, atoe spana, akaze tena zote kwa mkono wake. Ameniambia atasimama Gongoni, kwa sababu pana chai.